Kabla hujaziba pua: udaga, busaa, mbege na wenzao

Lundo la muhogo uliovundikwa, likifikia siku ya nne, halimvutii mtu. Funua majani ya mgomba au magunia yaliyolifunika utakuta vipande vimeota manyoya: meupe hapa, ya kijivu pale, na mahali pengine ya rangi ya chungwa iliyokolea. Joto linakupiga usoni. Harufu ni ya uyoga, pombe na viatu vilivyoloa, zote kwa pamoja. Huo ndio udaga, unga wa ugali wa familia nyingi za Kanda ya Ziwa, na bila hatua hiyo ya manyoya udaga wa muhogo mchungu usingelika.

Waliokulia mjini wanavijua vyakula vya kuchacha kuanzia mezani. Wakiona video ya namna vinavyotengenezwa, maoni huwa yale yale: kumbe tunakula uozo! Sibishani sana na neno hilo, kwa sababu kuchacha na kuoza ni kazi ya viumbe walewale wadogo, wakiwa wameelekezwa au wameachiwa. Ninachobishia ni hukumu inayofuata. Katika vyakula hivi, kinachotia kinyaa machoni mara nyingi ndicho kinachokifanya chakula kiwe salama, na kilichowahi kuua watu hakikuwa na sura wala harufu ya kutisha.

Tuanze na muhogo, maana ndiko hesabu ilipo kali zaidi.

Muhogo mchungu una kemikali inayoitwa linamarini. Haina madhara makubwa mpaka seli za mzizi zivunjike. Hapo inakutana na kimeng'enya kinachokaa kwenye kuta za seli, na sianidi, ambayo ndiyo sumu yenyewe, inafunguka. Sianidi huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo katika hali ya hewa yetu inatoroka yenyewe ikipata njia. Kazi yote ya kusindika muhogo ni kuvikutanisha hivyo viwili, kisha kuiachia sumu njia ya kutoka. Kipande kinene ukikianika juani tu, kinakauka kabla seli hazijavunjika, na linamarini inabaki imefungiwa ndani. Ndiyo maana makopa meupe ya muhogo mchungu, yanayopendeza sokoni, yanaweza kuwa na sumu nyingi kuliko udaga wenye madoa kwenye gunia la jirani. Kiwango cha kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Mzizi mchungu mbichi unaweza kupita miligramu 100.

Kutengeneza udaga, menya na uondoe maganda yote mawili, lile la kahawia na lile jeupe zito lililo chini yake, kwa sababu ganda lina sumu kuliko nyama ya mzizi. Mizizi minene ipasuliwe kwa urefu, mara mbili au nne. Ianike siku moja tu ili uso unyauke na maji yasitiririke. Ilundike juu ya jamvi au majani, kimo cha goti, ifunike, iache kivulini siku tatu hadi tano. Siku ya pili ingiza mkono katikati: lazima kuwe na joto kuliko nje. Kama hakuna, lundo ni dogo mno au limekauka mno, na utasubiri bure. Nyuzi za ukungu zinapenya ndani ya kipande na kulainisha kuta za seli, kazi ambayo jua haliwezi kuifanya. Siku ya nne bonyeza kwa kidole gumba. Kipande kikibonyea mpaka katikati, kimeiva. Kwangua ukungu kwa kisu, ponda vipande viwe chenga, anika kwenye mwamba au turubai siku mbili tatu, mpaka chenga ikivunjwa itoe sauti kavu. Hatua ya kuponda isirukwe. Wakati wa kuanika chenga ndipo sianidi iliyobaki inapotoka, na kipande kizima kinaizuia.

Ukungu mweupe wa kijivu wenye nywele ndefu kwa kawaida ni Rhizopus, na ule wa rangi ya chungwa ni Neurospora. Nchini Indonesia ukungu wa jamii hizo mbili huoteshwa kwa makusudi juu ya soya na makapi yake, vikapatikana vyakula viitwavyo tempe na oncom, na watu wa mijini huko Ulaya wananunua tempe kwa bei ya nyama. Wa kuogopwa ni ukungu wa kijani au mweusi unaotanda wakati wa kuanika, mvua inapokatiza jua na chenga zikabaki na unyevu kwa siku nyingi. Hizo chenga zitupwe, zisikwanguliwe. Zikiwa laini na utelezi wenye harufu ya mzoga, maana yake zililundikwa zikiwa na maji mengi.

Njia nyingine ni kuloweka, na kwa pua ndiyo mbaya zaidi. Mizizi iliyomenywa inazamishwa kwenye maji siku tatu hadi tano. Siku ya pili vipovu vinaanza kupanda. Siku ya tatu harufu inawafanya majirani waulize kulikoni. Mzizi unalainika mpaka unaweza kuuminya kwa vidole na kuvuta uzi wa katikati. Chuja, kamua kwenye gunia chini ya mawe, vunja madonge, anika. Unga wake Tanzania unaitwa kivunde. Kongo ndiko unakotoka unga wa fufu, na donge lililokamuliwa likisagwa laini, likafungwa kwenye majani na kupikwa, ni shikwanga. Kuloweka kwa siku tatu kamili huondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu. Msaada mdogo unaofaa: bakiza kikombe cha maji ya mara iliyopita ukimimine kwenye maji mapya, bakteria wataanza kazi mapema. Tumia pipa la plastiki au chungu, si debe la bati, kwa kuwa asidi italila na unga utakuwa na kutu. Na usiloweke kwenye chanzo cha maji ya kunywa. Hilo linaonekana dogo mpaka kijiji kizima kiwe kinaloweka.

Matatizo makubwa yametokea pale hatua zilipofupishwa. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa aliouona Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji wakati huo: miguu inakakamaa ghafla, hasa kwa watoto na wanawake, na ulemavu haurudi nyuma. Ndio konzo. Ulijitokeza Tarime, Tanzania, wakati wa ukame wa 1985, watu walipokuwa wakiponda, wakianika na kupika muhogo ndani ya siku moja kwa sababu ya njaa. Ukame unabana pande zote mbili: unapandisha sumu ndani ya mzizi, na unamnyima mtu subira ya siku nne. Mwili husafisha sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, kwa hiyo nyumba inayokula muhogo mtupu bila dagaa, mayai wala maziwa ndiyo inayoumia kwanza. Ugali uliowalemaza watu hao haukuwa na ukungu wala harufu.

Kama una unga wa muhogo usioujua ulivyotengenezwa, kuna njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, nayo imetumika Kongo dhidi ya konzo. Weka unga kwenye beseni, utie alama usawa wake. Ongeza maji ukichanganya. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, simama. Tandaza kwenye jamvi, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike siku hiyohiyo.

Busaa, pombe ya mahindi na ulezi, inafuata kwa karibu katika mashindano ya kutopendeza. Magharibi mwa Kenya unga wa mahindi hukandwa na maji uwe donge gumu, ukafunikwa siku mbili hadi tatu. Ukifunua unakuta ngozi ya ukungu juu, mipasuko, na uchachu unaokwaruza koo. Donge linavunjwavunjwa na kukaangwa kwenye bati pana juu ya moto, likigeuzwa kwa koleo, mpaka liwe chenga za kahawia. Mgeni huona bati, moshi na koleo la ujenzi. Mpishi anaona mambo matatu yakifanyika kwa pamoja. Moto unaua ukungu wa juu. Wanga unapikwa ili kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kiweze kuuvunja. Na busaa inapata rangi na ladha yake hapo, si kwingine. Zikiungua, pombe yote itakuwa chungu. Zikikaangwa nusu nusu, wanga hauvunjiki vizuri na pombe inabaki nyepesi.

Chenga zilizopoa zinaingia kwenye pipa na maji, pamoja na kimea cha ulezi, kama kilo moja kwa kila kilo tatu hadi tano za chenga. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili povu chafu linapanda na kubeba makapi juu, uso unapasuka na kufunga, kama tope la bwawa linalochemka. Siku ya tatu au ya nne linachujwa kwa gunia linalosokotwa na watu wawili, machicha wanapewa nguruwe au kuku, na kinachobaki ni kinywaji kizito chenye kilevi cha asilimia mbili hadi nne. Hakichemshwi tena wala hakisimamishwi, kinaendelea kuchacha ndani ya chungu huku watu wanakivuta kwa mirija mirefu. Ukiambiwa busaa ya jana kutwa bado tamu, jua umeongezewa sukari.

Sasa kimea, kwa kuwa kinakwenda kwenye busaa, mbege (pombe ya ndizi) na togwa (uji uliochachushwa), na kikiharibika kinaharibu vyote. Loweka ulezi saa 12 hadi 24, umwage maji. Tandaza kwenye gunia lililolowa, unene wa vidole viwili, funika kwa majani ya mgomba, nyunyiza maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vichipukizi vikifika sentimita moja, anika, sugua vikonyo vitoke, saga. Kosa la kawaida ni tabaka nene: katikati panapata joto, mbegu zinakufa na kuota ukungu wa kijani. Kosa la pili ni kutumia mtama na kusahau kutoa vichipukizi, ambavyo vina kemikali ya jamii ileile ya sianidi iliyo kwenye muhogo. Mahindi nayo yanachipua, lakini nguvu yake ya kuvunja wanga ni ndogo ukilinganisha na ulezi.

Kimea chenye ukungu kitupwe. Hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya wapika pombe, wanaonunua mahindi yaliyooza kwa bei ya chini kwa hoja kwamba "pombe haichagui". Pombe haichagui, ni kweli, na ndilo tatizo. Sumu kuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha, na kuchachua hakuaminiki kuimaliza. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye aflatoksini, mojawapo ya sumu kuvu hizo. Hao walikula ugali na githeri, si pombe, lakini mahindi ya aina hiyo yakikataliwa jikoni yasipewe pipa.

Na kuna kisa cha Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, Januari 2015. Watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Uvumi wa kwanza, kama kawaida ya ukanda wetu, ulikuwa nyongo ya mamba. Uchunguzi ulipokamilika, kilichokutwa ni asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli aliyekuwa ameota kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haina ladha wala harufu, na moto hauimalizi. Angekuwepo mtu mwenye kinyaa kikali kuliko wote angekunywa vilevile. Aliyekuwa na uwezo wa kuzuia ni yule aliyeshika unga, kabla maji hayajamiminwa.

Methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, ni habari tofauti na watu wanaichanganya. Vifo vya Kenya vya mwaka 2000 na vya 2014 vilitokana na pombe iliyotiwa methanoli ya viwandani ili iwe kali upesi. Busaa na mbege zilizochacha zenyewe haziwezi kuzalisha kiasi hicho.

Mbege inahitaji maelezo machache. Ndizi mbivu sana, zile ambazo duka lingezitupa, humenywa na kuchemshwa kwa saa kadhaa mpaka rangi iwe nyekundu ya kahawia, kisha huwekwa kwenye pipa kwa takriban wiki moja. Utando mweupe utajitokeza juu, inzi watajaa, na hapo ndipo wageni wa Kilimanjaro wanapoomba soda. Utando huo ni hamira ya mwitu inayopenda hewa, unaenguliwa. Inzi wenyewe ni jambo la kushughulikia: nzi wadogo wa matunda hubeba bakteria wa siki, na pipa lisilofunikwa kitambaa kizito litageuka siki kabla ulezi haujawa tayari. Ndizi zinachanganywa na maji, zinachujwa kwa nyasi kavu au chujio, halafu juisi hiyo inaunganishwa na uji wa kimea cha ulezi uliopikwa na kupoa. Gome la msesewe huongezwa kuleta uchungu. Likizidi, mbege hainyweki. Kesho yake inanywewa kwenye kata. Siku inayofuata tayari ni kali, na ya tatu ni ya wenye moyo.

Tatizo la mapishi haya yote ni kwamba asiyezoea hajui kipi kinaendelea sawa na kipi kimepotoka. Togwa ni mahali pazuri pa kujifunzia, maana ni rahisi, haina kilevi cha kusumbua, na kosa linaonekana siku hiyohiyo. Chemsha maji lita 2, tia unga wa mahindi gramu 200 uliokorogwa kwa maji baridi, pika dakika 20. Epua, acha upoe mpaka kidole kivumilie kwa sekunde chache. Koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa kimea. Ndani ya dakika chache uji mzito unalegea na kuwa mwepesi. Hujaufanyia uchawi, vimeng'enya vya kimea vimekata wanga kuwa sukari. Ukitia kimea kwenye uji unaotokota, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki vilevile. Ukipoa na kuwa vuguvugu, ongeza kikombe cha togwa ya jana, funika, acha saa 12 hadi 24 mahali pa joto.

Inavyoonekana asubuhi: makapi yamezama, maji ya manjano yamesimama juu, vipovu vidogo pembeni. Hiyo ni sawa, koroga. Harufu iwe ya uchachu safi, wa maziwa mgando au tunda. Ikiwa ya matapishi au mayai, mwaga. Uso wenye nywele, mwaga. Karatasi ya kupima asidi ionyeshe pH ya 4 au chini. Hapo bakteria wengi wa kuhara hawawezi kuzaliana. Umuhimu wake ni kwamba kimea ni kibichi, kimetandazwa sakafuni na kunyunyiziwa maji ya ndoo, na kinaingia baada ya moto. Kinachokilinda chungu ni asidi peke yake, na asidi inahitaji muda. Togwa ya saa tatu, tamu na laini, inaonekana safi kuliko ya saa 20, na ni hatari zaidi kwa mtoto. Tafiti zilizofanyika Tanzania katika miaka ya 1990 ziliona kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa walikuwa na bakteria wachache wa kuhara kwenye choo kuliko waliolishwa uji ambao haukuchachushwa. Ikipita siku mbili hamira inatawala, sukari inageuka kilevi, na togwa haifai tena kwa mtoto.

Kwa maziwa, nitazungumzia mursik ya Wakalenjin kwanza, kwa sababu ni ya kijivu na ina chembe za mkaa, na wanariadha hunyweshwa kwenye uwanja wa ndege wanaporudi na medali huku kamera zikiwaka. Kibuyu, sotet, kinasuguliwa ndani kwa fimbo iliyotoka kwenye mti wa jamii ya mnazi, iitwayo sosiot. Kisha kijinga cha mti wa senetwet kinaingizwa ndani na kusagwa kwenye kuta mpaka kibuyu chote kiwe na tabaka jembamba la mkaa. Unga uliozidi unakung'utwa. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa kabisa yanamiminwa, kibuyu kinafungwa na kuwekwa mahali pa baridi siku tano au zaidi.

Mkaa unaziba vinyweleo vya kibuyu na kuleta ladha na rangi. Kwenye vinyweleo hivyo wanabaki bakteria wa mara iliyopita, ndio mbegu. Kwa hiyo kibuyu hakioshwi kwa sabuni, kinaoshwa kwa maji ya moto na kukaushwa vizuri. Kikibaki na unyevu kwa siku mbili bila maziwa, ukungu unaingia ndani ya gamba na kibuyu kimekwisha. Kibuyu kipya ni kichungu: kijazwe maji, yabadilishwe kila siku mpaka uchungu uishe. Kuchemsha maziwa ni lazima. Wazee wengine watakuambia ya mbichi ndiyo tamu, na wana haki na ladha yao, lakini brusela na kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kuvumilia uchachu kwa muda wa kutosha kukufikia. Watafiti pia wamekuta asetaldehidi nyingi kwenye baadhi ya mursik, kemikali inayohusishwa na saratani ya koo la chakula, ambayo iko juu Bonde la Ufa. Sioni sababu ya kuacha mursik kwa hilo. Naona sababu ya kutokaa nayo wiki nyingi mpaka iwe na harufu ya kilevi.

Mtindi wa kawaida una kasoro zinazosomeka wazi. Mashimo mengi na maziwa yaliyoinuka kama mkate: kinyesi kimefika kwenye maziwa wakati wa kukamua, au chombo kilikuwa kichafu; mwaga. Maji mengi yaliyojitenga: joto lilizidi, bado yanalika. Yanavutika kama kamasi: bakteria tofauti wameshika nafasi, hayaui, ila badilisha mbegu. Yasipoganda kabisa baada ya siku nzima, muulize mfugaji kama ng'ombe alidungwa dawa ya kiwele. Antibiotiki zinaua bakteria wa mtindi vilevile, na maziwa ya ng'ombe huyo hayakupaswa kuuzwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe.

Mnazi nao, pale Kilifi na kwingineko pwani. Mgema anakata ncha ya karara kwa kotama asubuhi na jioni, utomvu unadondokea kwenye kibuyu, na kila kinachopenda sukari kinafika kabla yake: nyuki, sisimizi, mende, pengine mjusi. Utomvu una sukari ya asilimia 12 hadi 15, na hamira iliyo hewani na kwenye kibuyu kisichooshwa inaanza kazi ukiwa bado juu mtini. Wadudu wanachujwa kwa kitambaa, na anayekunywa kwa mseke, mrija wenye chujio, anachuja tena. Asubuhi ni tamu, jioni ni kali, na baada ya siku moja hivi unaelekea kuwa siki. Nyuki waliokufa wasikutie hofu. Ogopa maji yaliyoongezwa, kwa kuwa hayajachemshwa. Ile methali ya mgema anayesifiwa ilijua jambo la afya ya jamii mapema.

Nimalizie na papa wa ng'onda, anayenuka mkojo, na watu hufikiri ameoza. Nyama ya papa ina urea nyingi tangu akiwa hai, na bakteria wakiivunja inatoka amonia. Kumpasua mapema, kumtia chumvi nyingi na kumwanika kwenye upepo kunapunguza. Kumloweka na kubadilisha maji mara mbili tatu kabla ya kupika kunaondoa sehemu kubwa iliyobaki. Harufu hiyo ni kero tu. Mwenye kuumiza ni jodari au kibua aliyelala juani saa chache kabla ya kutiwa chumvi: anatengeneza histamini, anabaki na sura nzuri, na chumvi wala moto haviiondoi. Uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Samaki wa jamii hiyo awe barafuni tangu chomboni, na ukionja ukasikia ulimi unawasha ilhali hakuna pilipili, tema.